Mgomba Mmoja, Mara Mbili

Mliniacha mlangoni kwangu, mgambo wa kata amesimama uani ananiambia kwamba Alhamisi natakiwa barazani, niwe shahidi wa Leonard. Nilimwitikia ndiyo, akaondoka, nami nikabaki nimeshika mwiko na ugali unaungua.

Kwa aliyekosa yaliyotangulia, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Theresia, mjane wa Fidelis. Naishi huku milimani, upande wa Matombo, kwenye nyumba aliyoijenga mume wangu. Nyumba aliijenga yeye, lakini ardhi ni ya ukoo wa mama yake. Desturi ya huku ni kwamba mwanaume akifa, ardhi haiendi kwa mke wala kwa watoto wake. Inaenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake.

Mpwa huyo ndiye Leonard. Alikalishwa kwenye mkeka akapokea na jina la mjomba wake, na tangu siku hiyo ananiita mke wangu. Ni utani wa desturi, na mimi natakiwa nicheke.

Mimi mwenyewe sina kwetu pa kurudi. Wazazi wangu walikuwa watu wa reli, Ngerengere, wote wamelala, na nyumba tuliyokulia ilikuwa ya kazi.

Jirani yangu wa upande wa juu ni Bibi Josephina. Huyu ndiye aliyelala nami mkekani siku zote za msiba wangu. Sasa bibi analia kwamba Leonard amelima ndani ya shamba lake, na kwamba majani ya mpaka, yale marefu kama panga waliyoyapanda wazee wake, yameng'olewa yote. Leonard anasema hayakuwahi kuwepo. Anasema mpaka ni kule juu korongoni.

Ushahidi wake ni picha. Na picha hiyo niliipiga mimi.

*

Leonard alikuja siku ile ile alasiri. Aliingia bila hodi, akakaa kwenye kiti cha marehemu.

Akaniambia nisihangaike, kazi yenyewe ni ndogo. Wataniuliza kama picha ni yangu, nitasema ni yangu, nitarudi nyumbani kupika.

Nikamwambia, "Leonard, yale majani mimi niliyaona miaka yote. Yalikuwepo."

"Yalikuwepo wapi, mke wangu?" Alinyoosha kidole ukutani. "Nionyeshe. Picha umepiga wewe, sijapiga mimi."

Nikatazama ukutani. Picha ile inaning'inia pembeni ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ni ya siku tuliyobariki kaburi la Fidelis. Watu wa jumuiya wamezunguka msalaba mpya, nyuma yao migomba na nyasi za kijani mpaka korongoni. Majani ya mpaka hayamo.

Nikakumbuka alivyoniambia zamani kidogo, niliporudi kutoka mjini nikakuta majani hayapo. Alisema wameelewana na bibi, wameyang'oa pamoja, bibi akaenda zake Gairo kwa binti yake Catherine aliyejifungua. Nikamkumbusha maneno hayo.

"Mimi nilisema hivyo?" Leonard akacheka. "Umri huo unakuja, mama."

Kisha akainua macho kwenye bati. Akakaa anazitazama kama fundi.

"Bati hizi zimechoka," akasema. "Nilikuwa nafikiria kuzibadilisha kabla ya masika. Lakini mtu habadilishi bati za nyumba ambayo hajui mwezi ujao anakaa nani."

Aliponiaga alinishika bega kwa upole. Ule upole ndio uliniogopesha.

*

Nieleze picha ile ilivyopatikana, maana hapo ndipo nilipoingia mwenyewe kwa miguu yangu.

Simu nilinunuliwa na binti yangu Prisca. Yeye anakaa Kihonda, Morogoro mjini, na mume wake Elia. Prisca anauza vitenge kwa simu. Anavipiga picha, anaziweka mtandaoni, watu wa Dodoma na Dar wanaagiza. Kwa hiyo picha kwake ni kazi.

Siku ya kubariki kaburi nilipiga kama nilivyojua. Nilifuta kioo cha kamera kwa ncha ya kanga, maana simu yangu inakaa mfukoni na viazi. Nikawageuza watu jua liwapige ubavuni, wasikunje macho. Bibi Josephina alikuwa jikoni tangu alfajiri anatupikia wali wa wageni. Nikamwita aje hivyo hivyo na upawa wake. Akaja, akasimama mbele.

Kesho yake bibi akaondoka kwenda Gairo. Na mimi Prisca akanichukua, akasema nimechoka na msiba, nikapumzike mjini, na anifundishe kupiga picha sawasawa. Nilikaa Kihonda mpaka mvua za masika zikaisha.

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tangu nifiwe. Kila asubuhi, mwanga ukiwa bado laini, tulitoka nje na kitenge kimoja na simu mbili. Prisca alinikataza kuvuta picha kwa vidole. "Ukitaka karibu, tembea." Alinifundisha kushika simu kwa mikono miwili na kubana viwiko mbavuni. Alinifundisha kugusa uso wa mtu kwenye kioo, simu ijue nani wa kumwangalia. Alinikataza kumfanya mtu mweupe mpaka awe kama ametoka kwenye unga.

Neno moja alilirudia sana. "Mama, wewe unaangalia nyuso. Anayejua kupiga picha anaangalia kwanza kilicho nyuma ya nyuso."

Basi nikajifunza kuangalia nyuma. Nguzo isimwote bwana harusi kichwani. Kamba ya nguo isimkate padre shingo. Na kama kitu kimeshaingia, kuna kifutio. Unakizungushia kidole, unasubiri, kinaondoka, na simu inajaza pengo lenyewe.

Picha ya kwanza kabisa niliyofuta kitu ilikuwa ile ya kaburi. Prisca alisimama nyuma yangu, mkono begani. Akasema kuna kiti cheusi huko nyuma, kinaharibu. Miwani yangu niliiacha Matombo. Niliona doa tu.

"Zungushia, mama. Usiogope. Zungushia pana."

Nikazungushia pana. Doa likaondoka. Prisca akanipigia makofi kama mtoto wa chekechea.

Akaichapisha kubwa, akaitia fremu, na padre akainyunyizia maji ya baraka ilipoletwa. Tangu hapo watu wakiingia kwangu huwa wanaipigia ishara ya msalaba. Sasa picha yenye maji ya baraka, nani ataibishia? Wazee waliopanda mpaka wamekufa. Majirani wengine wanalima ardhi ya ukoo ule ule wa Leonard, kwa hiyo hawana macho wala mdomo.

Hata mimi nilianza kujitilia shaka. Niliona majani miaka yote, lakini picha haiyaoni.

*

Leonard alipoondoka niliishusha picha ukutani. Nilitaka tu kuifuta vumbi. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikavaa miwani.

Nikafanya kama nilivyofundishwa. Niliacha nyuso, nikaangalia nyuma ya nyuso.

Nyuma ya bega la katekista kuna mgomba. Jani lake moja limechanika na upepo vipande vitatu, na kipande cha katikati kimekunjwa kama sikio la mbwa. Nikasogea kulia kwa kidole. Nyuma ya kichwa cha Bibi Josephina kuna mgomba mwingine.

Jani limechanika vipande vitatu. Kipande cha katikati kimekunjwa kama sikio la mbwa.

Nimelima migomba tangu nimeolewa. Haijazaliwa migomba miwili inayochanika sawasawa.

Nikakaa chini. Simu inajaza pengo lenyewe, alisema Prisca. Sikuwahi kujiuliza inajaza kwa kitu gani. Inakopa kwa jirani. Ilichukua mgomba wa upande mmoja ikaupandisha upande wa pili, na chini yake ikamwaga nyasi. Mahali pale pale bibi anaposema palikuwa na mpaka wake.

Kile hakikuwa kiti. Kiti kimoja hakimezi shamba.

Nikafungua simu. Iliyokuwemo ni hiyo hiyo iliyofutwa. Ya mwanzo niliiondoa zamani simu ilipojaa. Lakini nikakumbuka jambo Prisca alilolisema siku moja anakaanga mihogo: programu ile inatunza picha ya awali huko mtandaoni, ukijuta unaweza kuirudisha.

Kwangu mtandao haufiki. Unafika misheni, kwenye ngazi za kanisa.

*

Asubuhi baada ya misa nilikaa kwenye ngazi. Nikafungua picha, nikatafuta, nikaona maneno: Rudisha ya awali. Nikabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Kikiwa kinazunguka, mtu akakaa pembeni yangu akiguna kwa magoti. Bibi Josephina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unanitafutia mchumba humo?"

Nikaigeuza simu pajani. Nikamwambia natafuta mtandao tu.

"Nitafutie. Ile picha ya komunyo ya mjukuu ulinitoa mikunjo yote. Nilivyojiona nikauliza, huyu binti ni wa nani, mbona amevaa kanga yangu."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka pia. Kisha akawa anakunja na kukunjua ncha ya kanga.

Akaniuliza kama Alhamisi nitakuwepo. Nikamwambia nitakuwepo.

"Vizuri," akasema. "Mimi sina picha, mwanangu. Nina hilo shamba tu, na Catherine ana watoto watano. Lakini wewe ukiwepo nitalala."

Akanyanyuka, akashuka ngazi moja moja.

Nilisubiri mpaka afike kwenye ua wa parokia, ndipo nikaigeuza simu.

Picha ilikuwa imefika.

Majani ya mpaka yalikuwepo. Mstari mzima. Upande wa kushoto yamesimama. Upande wa kulia yamelala chini, mizizi juu. Katikati, mtu ameinama na jembe.

Nikaikuza kwa vidole. Uso haukuonekana, ameuelekeza ardhini. Nikaona koti. Koti la kahawia.

Ndugu zangu, lile lilikuwa koti la Fidelis.

Mume wangu alikuwa kaburini. Watu wamelizunguka kaburi lake wanaimba, na nyuma yao yeye ameinama analima. Nilifanya ishara ya msalaba, simu nikaiweka kwenye ngazi kama imeniunguza. Nikasali Salamu Maria mpaka moyo ukashuka.

Nikaichukua tena. Nikakuza kwenye kiwiko. Kuna kiraka, na kiraka kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Uzi huo niliutia mimi, maana wa kahawia uliniishia.

Na hapo nikakumbuka siku ya kuanua matanga, tulipogawa nguo za marehemu. Viatu vilikwenda kwa Leonard. Kofia ilikwenda kwa katekista. Koti nililitoa kwa mkono wangu, nikamvisha mtu begani, nikamwambia litakupa joto ukija huku milimani.

Nilimvisha Elia. Mume wa Prisca.

Mbele kabisa ya picha, Bibi Josephina anatabasamu na upawa wake. Mgongoni kwake mkwe wangu anamng'olea mpaka.

*

Nilimpigia Prisca pale pale kwenye ngazi. Nilimwambia nina picha ya awali.

Nilisikia mtu wa mahindi anapita mtaani kwake anaita wateja.

"Nilikwambia ufute, mama."

"Nilifuta ulichonionyesha. Uliniambia ni kiti."

Akaanza kulia. Alilia taratibu, kama mtu aliyekuwa ameusubiri mlango huu ufunguke. Alinieleza yote, nami nayaandika kwa ufupi. Leonard aliwafuata Kihonda kabla ya siku ya kaburi. Akasema ana mtu wa mjini anataka eneo lile la juu, lakini linahitaji kufika korongoni. Wakimsaidia kuondoa majani ya mpaka siku ambayo bibi yuko bize jikoni, yeye mbele ya ukoo atatamka kwamba mimi nakaa kwenye ile nyumba mpaka nife. Wakikataa, baada ya kaburi kubarikiwa atanirudisha nilikotoka.

"Nilikotoka wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo hivyo, mama. Wapi? Baba yupo hapo. Ungependa kuzikwa Ngerengere, pembeni ya nani?"

Kwa hiyo wakakubali. Elia alianza siku ile, akamaliza siku zilizofuata, bibi yuko Gairo na mimi niko Kihonda nafundishwa kushika simu kwa mikono miwili. Furaha yangu yote ya masika ile ilikuwa ni ya kuniweka mbali.

Nikamuuliza kwa nini hakuifuta yeye mwenyewe, kwa nini alitumia kidole changu.

"Leonard alisema ifutwe na wewe. Alisema siku moja utagundua. Akasema ukiwa umefuta wewe, utanyamaza."

Nikakitazama kidole changu.

"Mama, ukiionyesha ile, Elia analala ndani. Kiwandani wanamfukuza. Na Leonard atasema tulipanga familia nzima, picha umepiga wewe, umeifuta wewe. Nani ataamini hukujua?"

Nikamwambia, "Bibi Josephina alikubeba mgongoni ukiwa na surua."

"Najua," akasema. Simu ikakatika. Sijui kama alikata yeye au ni mtandao.

Nilikwenda nyumba ya mapadre. Nilitaka kuungama, au angalau kuuliza. Padre alikuwa vigangoni, anarudi Jumapili. Baraza ni Alhamisi. Nikarudi nyumbani na rozari yangu, na kila nilipofika kwenye fumbo jipya niliona kiwiko na uzi wa kijani.

Nilijaribu njia zote kichwani, kama mtu anayegusa kuta gizani. Nikisema kweli, binti yangu anabaki na mume jela na mimi nabaki bila nyumba. Nikinyamaza, bibi anapoteza shamba na mimi naapa kwa uongo mbele ya Mungu. Nikijifanya mgonjwa, picha inabaki ukutani inasema peke yake, na inasema alichotaka Leonard.

*

Alhamisi ilinyesha tangu alfajiri. Ukungu ulishuka mpaka kwenye milango.

Baraza linakaa kwenye chumba cha ofisi ya kata, mabenchi mawili na meza. Mwenyekiti ni Mzee Tomasi, mtu wa maneno machache. Pembeni yake mjumbe mmoja mwanamke, Mama Devotha, anayeandika.

Leonard alikuja na picha aliyoichukua kwangu, imefungwa kwenye kitenge. Prisca na Elia walikuwa wameshafika kutoka mjini, wamekaa benchi la dirishani.

Baridi ilikuwa kali. Elia alikuwa amevaa koti.

Koti lile. Kiwiko kimeegemea dirisha, kiraka nje, kila mtu anakiona na hakuna anayekiona. Akanisalimia shikamoo mama kwa sauti ndogo. Nikamtazama Prisca, naye akatazama chini. Nikajua kwamba hakumwambia mume wake kwamba picha imerudi.

Picha ikapitishwa mkono kwa mkono. Mzee mmoja alivua kofia kabla ya kuishika. Mwingine akasema tumetoka vizuri sana, kama wote tungekuwa tunang'aa hivi tusingehitaji sabuni. Watu wakacheka. Leonard akacheka kuliko wote.

Mzee Tomasi akamuuliza Bibi Josephina kama ana shahidi. Bibi akasimama kwa kushika benchi.

Alisema hana picha, simu yake ni ya tochi. Siku ile alikuwa anapika, shamba amelipa mgongo. Alisema anayajua majani yake kama anavyojua vidole vyake, lakini anaona baraza linapenda picha.

Kisha akanigeukia.

"Aliyeipiga ni Theresia. Nimeishi naye, nimelia naye. Mzee Tomasi, andikeni kwamba shahidi wa Leonard ndiye shahidi wangu mimi pia. Akisema mpaka haukuwepo, nimekubali. Nitaondoka hapa na sitakwenda baraza lingine lolote."

Mvua ikasikika kwenye bati.

Leonard akasimama upesi. "Na mimi nimekubali," akasema. "Neno lake liwe la mwisho." Akaniangalia, akatabasamu kama mume.

Nikaitwa mbele. Nikaapa. Mkono wangu kwenye Biblia ulikuwa umetulia, na nilishangaa kwa nini umetulia.

Mzee Tomasi akaniuliza kama picha niliipiga mimi. Nikajibu ndiyo, niliipiga mimi.

"Iko kama ulivyoipiga?"

Kabla sijajibu, Mama Devotha aliinua kalamu. Akasema picha za siku hizi zinarekebishwa, hata yeye mtoto wake humtoa chunusi. Akaomba baraza liione kwenye simu, kama ilivyo humo ndani.

Leonard akasema hakuna haja. Alisema haraka mno. Mzee Tomasi akamtazama, kisha akaninyooshea mkono.

"Mama Prisca, tuazime hiyo simu."

Nikaomba nivae miwani. Nikaitoa simu kwenye kifuko cha rozari, nikaifungua. Zilikuwa mbili, zimekaa pembeni kwa pembeni, moja ina mgomba mmoja na nyingine ina miwili.

Nikainua macho. Prisca alikuwa ananitazama sasa. Hakulia. Midomo yake ilisema neno moja bila sauti, lile lile aliloniambia Kihonda nikiwa na furaha. Futa.

Elia alikuwa anajikuna kiwiko.

Bibi Josephina hakunitazama kabisa. Alikuwa amekaa, amefumba macho, mikono imelala kwenye kanga kama mtu ambaye kesi yake imeshakwisha.

Sijui ni lini kidole kilibonyeza. Nilichokiona ni kwamba picha ya awali imejaa kwenye kioo, na juu yake simu inaniuliza, kwa Kiswahili safi: Una hakika unataka kufuta? Haitarudi tena. Chini yake maneno mawili. Futa. Ghairi.

"Tunakusubiri, mama," akasema Mzee Tomasi, na kiganja chake kilikuwa kimefika mbele yangu, kiko wazi.

Kidole changu kilikuwa kimesimama katikati ya yale maneno mawili. Ni kile kile kilichozungushia pana.